Gari Jeupe Nyuma ya Banda

Gari la Loren Dierks lilikuwa jeupe, na ubavuni lilikuwa na nembo nyekundu ya chuo kikuu, kubwa kama sinia. Huku kwetu, katika bonde la mto Elkhorn, gari hilo likionekana asubuhi uani kwa mtu, majirani hawakuhitaji kuambiwa kitu. Ama mzee mwenye shamba amefariki, ama watoto wake wanagombana, na huenda yote mawili. Kabla ya chakula cha mchana habari ingekuwa imeshafika kwenye ushirika wa nafaka, imeketi na wazee, imemiminiwa kahawa, na kuondoka pale ikiwa imenenepa.

Ndiyo maana kila alikokwenda aliombwa jambo lile lile. Mwenye nyumba alitoka barazani, akapunga mkono, na badala ya kumwambia karibu akamwambia, "Zungusha kule nyuma ya banda la mashine, Loren, kama si taabu." Naye akazungusha. Kwa zaidi ya miaka thelathini alizungusha. Mwishowe alizijua nyumba za upande huu wa Nebraska kwa migongo yao: matangi ya gesi, plau za farasi zilizomezwa na nyasi, makaburi madogo ya mbwa, na yale magari mabovu ambayo kila familia huapa itayatengeneza siku moja. Mbele ya nyumba, penye maua, alipaona kutoka barabarani tu, kama mpita njia.

Alikuwa bwana shamba, lakini si wa majani na wadudu. Chuo kilikuwa na mabwana shamba wengine wa mahindi, wa ng'ombe, wa magugu. Hao wakipita walipigiwa honi wasimame waonyeshwe suke. Yeye alikuwa bwana shamba wa hesabu na watu. Kazi yake ilikuwa kuketi jikoni kwa wakulima na kuwasaidia kujua kama shamba linawalisha au linawala, nani alilime, nani alikodishe, na mzee akiondoka nani abaki nalo.

Aliianza kazi hiyo katika miaka ile ya themanini, riba ilipopanda na mashamba yakawa yanaanguka kama ng'ombe kwenye barafu. La baba yake lilianguka pia. Mnada ulifanyika Februari, Loren akiwa mwaka wa mwisho chuoni. Alichokikumbuka baadaye si sauti ya mpiga mnada, wala trekta lao likitoka langoni na mtu mwingine juu yake. Alikumbuka majirani, watu waliovuna na baba yake tangu ujana, wamesimama mikono mifukoni wakitazama buti zao. Walifanya hivyo kwa adabu, ili wasimwaibishe kwa kumtazama. Baba yake alizunguka katikati yao siku nzima kama mtu asiyeonekana. Mwaka uliofuata Loren aliomba kazi chuoni. Alisema kwenye usaili kwamba alitaka kuwa mtu wa kumtazama mkulima usoni kabla mambo hayajafika pale.

Na aliwatazama. Alipoketi kwenye meza ya jikoni hakufungua mkoba kwanza. Alikunywa kahawa, ile kahawa yetu nyepesi ambayo unaona sakafu ya kikombe, halafu akasema, "Tusianze na ardhi. Tuanze na Krismasi. Mzee akishaondoka, Krismasi mtakula kwa nani?"

Wengine walikasirika. Kwa akina Hoefer, mzee alipiga meza kwa kiganja. "Sisi hatuna tatizo hapa. Tatizo tumeletewa leo asubuhi na gari jeupe."

"Baba," akasema mkwewe, mke wa mwanawe Curtis, aliyekuwa amesimama karibu na sinki, "kama hatuna tatizo, mbona wewe na Curtis mnavuna shamba moja na mnaongea kupitia kwangu?"

"Wewe ni mkwe. Haya hayakuhusu."

"Hayanihusu? Na ile ya 'mwambie baba lori limejaa' huwa inamhusu nani? Paka?"

Curtis, mwanamume wa miaka hamsini, akaanza kucheka. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Loren aliondoka jioni na chupa ya matango ya siki. Familia nzima ilimsindikiza mpaka nyuma ya banda.

Lakini mtu aliyeingia jikoni kwa watu wote hawezi kuongea na yeyote. Loren alijua nani amemnyima nani, nani amewekeza na kupoteza, binti gani hajui kwamba jina lake halimo kwenye wosia. Yote hayo aliyafunga kifuani, kama sheria ya kazi yake ilivyomtaka, na kifua kikawa kama ghala lisilo na mlango wa kutolea. Siku za Ijumaa za Kwaresima, watu walipokula samaki wa kukaanga katika ukumbi wa chini ya kanisa, alikaa mwisho wa meza ndefu, na viti viwili vya jirani yake vilibaki vitupu. Haikuwa chuki. Ni kwamba aliyekaa karibu na Loren Dierks angeulizwa na mkewe kesho yake, "Kuna nini? Tunauza?" Kwa hiyo watu walimsalimu kwa mbali, kwa moyo wote, wakaenda kuketi kwingine.

Hakuoa. Alipanga nyumba ndogo mwisho wa mji wa Grebe, ikitazamana na minara ya nafaka. Wakati wa mavuno feni za kukaushia mahindi hunguruma pale mchana na usiku, na wageni huuliza mtu anawezaje kulala. Loren alizipenda. Zilifanya nyumba iwe kama ina mtu chumba cha pili.

Ardith Sievers alimpigia simu mwaka ule wa mafuriko, miezi michache baada ya mumewe Harlan kuanguka ghafla zizini. Alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la Walutheri, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, na juu ya sinki lake, dirishani, aliweka darubini. Alisema ni ya kutazamia ndege.

"Zungusha nyuma ya banda," alimwambia siku ya kwanza. "Sitaki Rollie Kolterman adhani nauza."

Rollie Kolterman alikuwa jirani aliyelima shamba lile tangu magoti ya Harlan yalipogoma. Harlan alimkodisha kwa kupeana mkono, wamesimama nyuma ya pikapu, na mkono mmoja wa makubaliano hayo sasa ulikuwa kaburini. Loren akamweleza mjane sheria ilivyo. Shamba lililokodishwa kwa mdomo hujirudia lenyewe mwaka baada ya mwaka. Mwenye shamba akitaka kumbadilisha mpangaji, ni lazima ampe notisi kabla ya tarehe mosi Septemba. Akichelewa, amefungwa naye mwaka mwingine mzima. Mkataba wa maandishi hauna taabu hiyo. Una siku yake, na siku ikifika unakwisha wenyewe, hakuna wa kukumbushwa wala wa kukumbusha. Hayo Loren aliyahubiri redioni kila Jumatano, dakika tano baada ya bei za nafaka. "Kupeana mkono ni kuzuri," alimalizia kila mara, "lakini mkono husahau. Andikeni."

Ardith alisema atafikiria. Kwa hiyo Agosti iliyofuata Loren akarudi.

"Umekuja kunikumbusha," alisema Ardith mlangoni.

"Tarehe mosi inakaribia."

"Huwa inakaribia. Kahawa?"

Loren aliketi upande wa dirisha. Akatoa karatasi mkobani. "Ungeandika tu, Ardith. Kurasa mbili. Ukiandika huhitaji mtu wa kuja kukukumbusha."

"Neno la Rollie linanitosha."

"Rollie ni mtu mzuri. Lakini watu hufa."

"Hilo nimelisikia," akasema mjane.

Loren akawa mwekundu mpaka masikioni. Ardith akamsogezea keki ya tufaha. "Kula, Bwana wa Chuo. Karatasi yako iache hapo. Nitaifikiria."

Aliifikiria Agosti ile, na Agosti iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Wenye mashamba wengine Loren aliwakumbusha kwa redio, au kwa simu ikibidi. Kwa Ardith alikwenda mwenyewe. Kazi ya dakika kumi ilichukua alasiri nzima. Walizungumza habari za kinanda cha kanisa kilichoingia unyevu, za mchungaji mpya anayehubiri kama anasoma bei za nguruwe, za ndege. Mwaka mmoja, bila kujua kwa nini, alimsimulia mnada wa baba yake na wale watu waliotazama buti zao. Hakuwahi kumsimulia mtu mwingine. Ardith alizungusha kijiko.

"Mimi ningemtazama," akasema.

Tangu siku hiyo, Februari ilipofika na barabara za changarawe zikafungwa na theluji, Loren alikuwa akijikuta anahesabu ni muda gani umebaki mpaka Agosti.

Hakusema lolote. Huku kwetu mtu haendi kwa mtu bila sababu. Unarudisha nyundo, unapeleka mahindi mabichi yaliyozidi, unauliza kama ng'ombe mwekundu aliyeonekana barabarani ni wao. Hata wapendanao wakubwa huanza na ng'ombe wa mtu. Na mwanamume akionekana jikoni kwa mjane bila sababu, hiyo ni habari inayoipita ya gari jeupe. Loren alikuwa na sababu, tena ya serikali. Alijificha ndani yake kama alivyoficha gari nyuma ya banda, mahali ambapo nyasi ziliacha kuota, pakabaki michirizi miwili mitupu ya upana wa matairi.

Agosti ya mwisho alikwenda akiwa na sentensi moja mdomoni. Mwisho wa Septemba angestaafu, gari lingerudi chuoni, na pamoja nalo sababu. Bila sababu, kile kiti cha upande wa dirisha kingekuwa si chake tena, na hakuwa na kiti kingine popote duniani ambacho mtu alikisogeza kidogo kila alipoingia ili akae vizuri. Njiani aliijaribu sentensi yake kwa sauti, mashamba ya soya yakimsikiliza pande zote mbili. "Naomba niendelee kuja, Ardith." Ilikuwa fupi. Aliwahi kuwafundisha wanaume wagumu kuliko yeye kusema maneno mazito kuliko hayo mbele ya ndugu zao.

"Nimesikia redioni unaacha," alisema Ardith, kabla Loren hajaketi.

"Mwisho wa Septemba."

"Na gari?"

"Linarudi."

"Ahaa." Akamimina kahawa kwenye kikombe ambacho tayari kilikuwa kimejaa, akaifuta ile iliyomwagika, akasimama na kitambaa mkononi akimpa mgongo. "Sasa mwaka ujao nani atanikumbusha?"

Lango lilikuwa wazi kabisa. Hata ndama angeliona. Lakini Loren alikuwa ametumia maisha yake kuwaandalia watu kesho yao, na mkono wake ukaenda mfukoni wenyewe, kabla ya mdomo, ukatoa kadi.

"Kuna binti mpya, anaitwa Brynn. Ni hodari sana. Nimemwachia jina lako, atakuja."

Ardith aliipokea kadi. Aliisoma kwa muda mrefu kwa kitu chenye maneno machache namna ile. Kisha akaibandika kwenye jokofu kwa sumaku ya ushirika.

"Umepanga kila kitu," alisema.

"Nimejaribu."

"Wewe ni mtu wa mipango, Loren."

Alimfungia keki iliyobaki katika trei yake ya kuokea. Mlangoni alimwambia trei airudishe siku yoyote. Loren akashukuru, akazunguka banda, akaweka keki kwenye kiti cha abiria. Alikaa kidogo mikono ikiwa juu ya usukani. Alidhani amemtendea mema. Ndivyo watu wetu tulivyo: tunaweza kumfungia mtu mlango usoni tukiamini tunamkinga upepo.

Walimfanyia sherehe ndogo katika ofisi ya wilaya, na keki iliyoandikwa jina lake kwa sukari ya kijani. Mkuu wake alisema hakuna anayeweza kujua ni mashamba mangapi yalipona kwa sababu yake, na hilo lilikuwa kweli, maana wenye mashamba yaliyopona hawakuthubutu kuja kuonekana pale. Alirudisha funguo. Alinunua pikapu ya buluu, kuukuu, yenye kutoa moshi kidogo ikipanda kilima.

Mavuno yakaja, feni zikanguruma, zikanyamaza Desemba. Jumatano alisikiliza redio. Sauti ya Brynn ilikuwa changa na yenye haraka, lakini alifika palepale: "Andikeni," alisema, na Loren, peke yake mezani na mkate wake, akatikisa kichwa kukubali. Simu haikulia. Siku ya Krismasi alikula nyama ya nguruwe iliyokatwa tayari dukani, na swali lake mwenyewe likamjia, lile la kuwauliza watu, akalicheka, kicheko kikatoka vibaya, akaosha sahani.

Trei ya Ardith ilikaa juu ya jokofu. Huku kwetu trei hairudishwi tupu. Ni lazima utie kitu ndani. Alijiambia ndiyo sababu ya kukawia: hajui kuoka. Lakini alijua pia kwamba trei ikisharudi, imekwisha. Ilikuwa sababu moja tu, na mtu mwenye sababu moja huitunza kama mbegu ya mwisho. Akaitunza mpaka theluji ikayeyuka, mpaka mahindi yakafika magotini, mpaka ikawa aibu kuirudisha.

Julai, kwenye maonyesho ya kilimo ya wilaya, alikuwa amekaa kwenye robota la nyasi kavu akila mkate wa nyama, akitazama watoto wakiwaosha ndama wao wa mashindano. Mtu akajibwaga kando yake mpaka robota likalia. Alikuwa Rollie Kolterman, kofia nyuma ya kichwa, amebeba kipande cha pai.

"Mzee wa chuo! Sasa naweza kukaa na wewe bila mke wangu kupigiwa simu."

"Karibu, Rollie. Soya zinaendeleaje?"

"Zinasubiri mvua kama mimi. Za Ardith ndizo nzuri, pale bondeni. Mkataba wangu naye bado miaka miwili, basi nikaona nipaweke samadi vizuri."

Loren aliacha kutafuna. "Mkataba gani?"

"Wa shamba. Huu ni wa pili, wa miaka mitano kama ule wa kwanza. Kurasa mbili. Si wewe uliyempa?"

"Wa maandishi?"

"Kwani kuna wa kuimba?" Rollie alilamba uma. "Aliniita nikasaini tangu ule mwaka wa pili baada ya Harlan. Agosti hiyohiyo. Gari lako lilikuwa bado linatimua vumbi pale barabarani."

Loren alitazama ndama mmoja mweusi akipigwa sabuni. Alikuwa anajua mikataba ya wilaya saba kichwani, na huu alikuwa hajaujua. "Nilikwenda kumkumbusha kila mwaka," alisema polepole. "Mkataba wa maandishi haukumbushwi. Kwa nini hakuniambia?"

"Alisema nisikuambie. Alinikomalia, unamjua alivyo. 'Rollie, ukimwambia yule mtu wa chuo, ardhi hii utaisikia kwa jirani.'"

"Lakini kwa nini?"

Rollie akamgeukia mzima mzima. Alimtazama vile mtu anavyomtazama ndama aliyekwama kwenye lango lililo wazi. "Loren," akasema kwa upole, "wewe ulisoma mpaka wapi?"

Rollie akamaliza pai yake, akasimama, akampigapiga begani. "Sijakwambia kitu mimi. Na ukienda, nenda na kitu mkononi. Usiende kama mtu wa bima."

Alikwenda Agosti, kwa kuwa Agosti ndio mwezi ambao miguu yake iliujua. Alikuwa amejaribu kuoka mara moja, akapata kitu ambacho ndege wa uani walikikataa. Basi akajaza trei nyanya za bustanini kwake, akazipanga, akazifunika kwa taulo safi. Kwenye lango la Ardith moyo ulimshinda, akapita. Akageuza kwenye njia panda ya makaburini, akarudi, akapita tena. Mara ya tatu mikono yake ikakata kona yenyewe, na kwa mazoea ikaupeleka usukani kule nyuma ya banda.

Pale nyuma alifunga breki. Nyasi zilikuwa zimeota. Michirizi yake miwili haikuonekana tena. Ilikuwa kijani sawa na pengine pote, kana kwamba hakuna gari lililowahi kufika. Mwaka mmoja tu ulitosha kumfuta. Loren alikaa akizitazama nyasi zile kwa muda, injini ikinguruma. Kisha akarudi kinyumenyume, akazunguka banda, akaegesha mbele ya nyumba, karibu na maua, chini ya dirisha la jikoni, mahali ambapo mtu yeyote aliye barabarani angeona.

Ardith alikuwa mlangoni, amekunja mikono.

"Umepita hapa mara mbili," alisema. "Nilikuwa natazama ndege."

"Ndege gani?"

"Wa buluu. Mkubwa. Anatoa moshi."

Loren akainua trei. "Nimerudisha trei."

"Mwaka mzima."

"Keki ilikuwa kubwa."

Mdomo wa Ardith ulitikisika upande mmoja. Alizipokea nyanya, na hapo Loren akaona vidole vyake. Vilikuwa vimepinda kwenye viungo, na trei ilitetemeka. Akaziona tena Agosti zote walizozipoteza wakizungumza habari za mchungaji.

"Sipigi kinanda tena," alisema Ardith, kwa kuwa alimwona akitazama. "Tangu Pasaka. Wamemleta kijana mwenye gitaa. Mungu amsamehe."

"Sikujua."

"Ungejuaje? Hukuwa na sababu ya kuja." Akaziweka nyanya kwenye kibaraza. "Rollie amefungua mdomo."

"Anasema hajaniambia kitu."

"Mdomo wa yule ni mlango wa zizi."

Walisimama. Upepo ulipita juu ya mahindi, ukiyalaza na kuyainua. Loren alitafuta sentensi yake ya mwaka jana akaikuta imechakaa, kwa hiyo akauliza ile aliyokuja nayo. "Kwa nini hukuniambia umeandika?"

"Ungekuja?"

Alikuwa mtu wa kusema ukweli mezani kwa watu. Hakuweza kuuacha barazani. Akafikiri. "Hapana," akasema. "Ningeona aibu. Nisingekuwa na sababu."

"Basi."

Kwenye barabara ya changarawe vumbi likainuka, na mbele ya vumbi pikapu ya Rollie Kolterman. Ilipofika usawa wa lango ilipunguza mwendo kupita kiasi. Kidole kimoja kikanyanyuka kutoka kwenye usukani, vile wanavyosalimiana madereva wa huku, kikabaki juu muda mrefu kuliko desturi. Kisha gari likaenda zake, upande wa mjini.

"Mpaka saa sita habari itakuwa imefika ushirika," alisema Ardith.

"Naweza kulisogeza nyuma."

Ardith akaitazama pikapu, akaitazama barabara, vumbi likishuka taratibu juu ya maua yake. "Liache," alisema.

Jikoni, kadi ya Brynn ilikuwa bado kwenye jokofu, imekunjamana kona. Darubini ilikuwa dirishani. Ardith alivuta kile kiti cha upande wa dirisha, akakisogeza kidogo kama zamani, ingawa safari hii alitumia kiwiko kwa sababu ya vidole. Akamimina kahawa nusu kikombe, kwa mikono miwili.

"Tarehe mosi inakaribia," alisema, akiketi mbele yake.

"Ndiyo. Inakaribia."

"Basi nikumbushe."

Loren akaweka kofia yake juu ya goti. Akanywa kahawa, akaona sakafu ya kikombe. Kisha akaanza mwanzo kabisa, shamba la mdomo na shamba la maandishi, notisi na siku yake, bila kuruka neno, na Ardith akamsikiliza mpaka mwisho, akimtazama usoni.